Orodha za 25 bora futiboli ya vyuo Marekani: ipi ina uzito, na nitajuaje nani anaingia mtoano?

MlinziWaJumamosi

Habari za humu wakuu. Sheria za uwanjani nazifahamu, kwa hiyo sina haja ya kuelezwa tachidauni ni pointi ngapi. Kinachonichanganya ni orodha. Jumapili inatoka ya shirika la habari la Associated Press (AP), siku hiyo hiyo inatoka ya makocha, ikifika Novemba kamati ya mtoano nayo inatoa yake, na zote tatu hazifanani. Timu inashinda Jumamosi, kesho yake inashuka nafasi mbili. Halafu Desemba 2025 Notre Dame ilikuwa ya 11 ikaachwa, James Madison ilikuwa ya 24 ikaingia.

Naomba mnieleweshe mambo matatu. Orodha ipi inaamua kitu? Nikiwa nayo mkononi, napigaje hesabu ya nani yumo na nani hayumo? Na ukiacha matokeo yenyewe, niangalie takwimu gani ili nijue timu ni nzuri kweli au inabebwa na bahati na ratiba laini? Nataka njia ya kuifuata wiki hadi wiki msimu mzima.

YadiKumi

Karibu mkuu. Nichukue la kwanza, wengine watajazia.

Inayoamua ni orodha ya kamati ya College Football Playoff, basi. AP ilianza 1936, ya makocha 1950, na zamani zilikuwa na nguvu kweli. Msimu wa 2003, enzi za BCS (mfumo wa kabla ya mtoano, uliochagua timu mbili za fainali), taji liligawanyika: LSU bingwa wa BCS, USC bingwa wa AP. Tangu mtoano uanze msimu wa 2014, hakuna timu iliyoingia wala kuachwa kwa sababu ya kura ya AP.

Ila usiitupe. Kamati haitoi orodha mpaka mapema Novemba, kwa hiyo miezi miwili na zaidi ya mwanzo AP ndiyo unayo. Tatizo ni kwamba wengi wanasoma nafasi na kuacha pointi, na utamu wote uko kwenye pointi.

Kila mpiga kura anapanga timu 25. Ya kwanza inapata pointi 25, ya pili 24, hivyo hivyo hadi ya 25 inayopata 1. Wapiga kura ni wanahabari wa michezo, sitini na kitu. Tuseme 60 ili hesabu iwe nyepesi. Timu ina pointi 1,140. Gawa kwa 60, unapata 19. Toa 19 kwenye 26, unapata 7. Huo ndio wastani wa nafasi yake kwenye karatasi za kura. Sasa mtazame jirani yake wa chini. Kama ana 1,131, pengo ni pointi 9, yaani 0.15 ya nafasi kwa kila mpiga kura. Hao wako sawa, na wiki ijayo wanaweza kubadilishana bila yeyote kuharibu. Kama anayefuata ana 1,041, kutoka 1,131 pengo ni nafasi moja na nusu; hapo kuna ukuta. Piga mstari kwenye kila ukuta, utaona orodha ya 25 ni makundi manne au matano tu, na kupanda au kushuka ndani ya kundi moja hakuna maana yoyote.

Hesabu hii inafaa kwa timu zilizo kwenye karatasi zote. Ukifika karibu na nafasi ya 18 kwenda chini inaanza kupinda, kwa sababu timu ambayo mpiga kura hakuiandika inapata sifuri, sawa na kuiweka ya 26, hata kama yeye aliiona ya 40. AP huweka wazi karatasi ya kila mpiga kura, kwa hiyo unaweza kwenda kuona nani aliiacha timu yako nje.

Kushinda ukashuka kunatokana na hapo. Mpiga kura hakukuadhibu. Amempandisha wa chini yako aliyeifunga timu kubwa, na nafasi ni moja moja, lazima mtu asogee. Angalia pointi: mara nyingi timu iliyoshinda ikashuka ina pointi karibu zile zile za wiki iliyopita.

Jambo la mwisho: orodha ya Agosti ni makisio. Mwaka 2025 AP ilianza na Texas ya 1, Penn State ya 2, Clemson ya 4. Hakuna hata moja kati ya hizo iliyoingia mtoano. Indiana ilianza ya 20, ikamaliza 16-0 (ushindi 16, vipigo sifuri) na kombe, baada ya kuifunga Miami 27-21 Januari 2026. Kwa hiyo ukiona mtangazaji anasema timu fulani "ilimfunga wa 8 bora", uliza ni wa 8 wa wiki gani. Florida State iliifunga Alabama iliyokuwa ya 8 wiki ya kwanza ya 2025, 31-17, watu wakaipandisha haraka, na msimu ikamaliza 5-7. Ushindi huo ulibaki mzuri kwenye karatasi yake, lakini kwa Alabama kipigo kile kile kilizidi kuwa kibaya kila Florida State ilipopoteza. Kila Jumatatu rudi nyuma upime upya mechi zote za msimu kwa nafasi za leo.

BintiTakwimu

YadiKumi kaeleza vizuri. Mimi nishike kamati, maana hapo ndipo maswali ya Desemba yanapozaliwa.

Kwa kawaida kamati ina watu 13: wakurugenzi wa michezo wa vyuo walio kazini, makocha wastaafu, wachezaji wa zamani na wengine wenye uzoefu. Wanakutana Grapevine, Texas, na orodha inatangazwa Jumanne usiku, ila ya mwisho ambayo hutoka Jumapili baada ya fainali za konferensi, yaani ligi ambazo vyuo vimegawanyika. Mjumbe anayelipwa na chuo fulani anatoka chumbani chuo hicho kikijadiliwa na hakipigii kura.

Tofauti kubwa na AP ni namna ya kupiga kura. AP kila mtu anapanga 25 kwa mkupuo akiwa nyumbani. Kamati inakwenda kwa vikundi vidogo: wanachukua timu chache, kila mjumbe anazipanga kuanzia 1, zenye jumla ndogo zinakaa kwenye nafasi, zilizobaki zinaingia raundi inayofuata pamoja na nyingine mpya. Wanaendelea hivyo hadi 25. Kwa mtindo huu timu mbili zinapofika kwenye kikundi kimoja zinalinganishwa uso kwa uso, na wiki ijayo kila kitu kinaanza upya.

Msimu wa 2025 ulilionyesha hili waziwazi. Miami na Notre Dame zote zilikuwa 10-2, na Miami iliifunga Notre Dame 27-24 mechi ya kwanza. Hata hivyo kwenye orodha za kamati za Novemba Notre Dame ilikaa juu. Kabla ya wikiendi ya fainali za konferensi, Notre Dame ilikuwa ya 10, BYU ya 11, Miami ya 12. BYU ikapigwa 34-7 na Texas Tech, ikashuka. Sasa hizo mbili zikawa bega kwa bega, matokeo ya wao kwa wao yakapata uzito, na Miami ikaruka hadi ya 10. Timu zote mbili hazikucheza wikiendi ile. Watu walipiga kelele kwamba kamati imegeuza maneno, lakini mtu anayejua mtindo wa vikundi angeliona jambo hilo linakuja tangu Jumanne. Kwa hiyo usiangalie tu nani yuko juu yako. Angalia nani amekaa katikati yako na yule uliyemfunga.

Vigezo vyao vimeandikwa: ugumu wa ratiba, matokeo ya wao kwa wao, wapinzani wa pamoja, ubingwa wa konferensi, na majeruhi au kukosekana kwa watu muhimu kunakoweza kubadilisha timu. Kigezo cha majeruhi si mapambo. Florida State ya 2023 ilikuwa 13-0 na bingwa wa konferensi ya ACC, kwotabeki wake (mrusha pasi anayeongoza mashambulizi) Jordan Travis akavunjika mguu Novemba, na kamati ikaiweka ya 5 wakati mtoano ulikuwa wa timu nne. Kuanzia 2025 wameongezewa kipimo cha uzito wa rekodi, yaani rekodi yako ingekuwa ngumu kiasi gani kwa timu nyingine nzuri kuipata kwa ratiba ile ile.

Sasa hesabu uliyoomba. Mtoano una timu 12. Kwa sheria zilizotumika 2024 na 2025, nafasi tano ni za mabingwa watano wa konferensi walio juu zaidi kwenye orodha ya kamati, saba ni za wazi. Fanya hivi:

Chukua orodha ya 25. Tafuta mabingwa watano wa juu, uwakate kwa kalamu popote walipo. Kisha anza juu, hesabu waliobaki mpaka saba. Wa saba ndiye wa mwisho kuingia.

Jaribu kwa 2025. Mabingwa: Indiana ya 1, Georgia ya 3, Texas Tech ya 4, Tulane ya 20, James Madison ya 24. Kata. Hesabu waliobaki: Ohio State ya 2, Oregon ya 5, Ole Miss ya 6, Texas A&M ya 7, Oklahoma ya 8, Alabama ya 9, Miami ya 10. Saba wameisha. Notre Dame ya 11 ni wa nane, yuko nje. BYU ya 12 naye nje.

Jaribu kwa 2024. Mabingwa: Oregon ya 1, Georgia ya 2, Boise State ya 9, Arizona State ya 12, Clemson ya 16. Waliobaki: Texas ya 3, Penn State ya 4, Notre Dame ya 5, Ohio State ya 6, Tennessee ya 7, Indiana ya 8, SMU ya 10. Alabama ya 11 nje.

Umeona kinachobadilika? Mwaka 2024 bingwa mmoja tu alitoka nje ya 12 bora, kwa hiyo aliyekosa ni mmoja. Mwaka 2025 walitoka wawili, wakakosa wawili. Wakati wa Novemba ndiyo swali la kujiuliza kila Jumanne: mabingwa wangapi watatoka nje ya 12? Kila mmoja anasogeza mstari juu hatua moja. Mtu anayeshabikia timu ya 11 anapaswa kuomba mabingwa wote watano watoke juu.

Kupanga mechi nako kumebadilika. Msimu wa 2024 mapumziko ya raundi ya kwanza walipewa mabingwa wanne wa juu tu, ndiyo maana Boise State ya 9 ilipangwa ya 3 na Arizona State ya 12 ikapangwa ya 4. Kuanzia 2025 wanapangwa kwa mfuatano wa orodha, wanne wa kwanza wanapumzika, wa 5 hadi 8 wanakuwa wenyeji kwenye viwanja vyao vya chuo. Waraka wa sheria usomwe upya kila kiangazi, kwa sababu kifungu cha mabingwa ndicho kinachoguswa mara kwa mara.

ZamuYaUsiku

Niongeze ratiba ya mwaka, kwa ufupi.

Katikati ya Agosti: AP ya kwanza. Jumamosi iliyo kabla ya wikiendi ya Labor Day (sikukuu ya Jumatatu ya kwanza ya Septemba): wiki sifuri, mechi chache. Karibu kila timu inacheza mechi 12 za kawaida. Mapema Novemba: Jumanne ya kwanza ya kamati. Wikiendi ya Thanksgiving, sikukuu ya mwishoni mwa Novemba: mechi za mahasimu, Ohio State na Michigan, Alabama na Auburn. Jumamosi inayofuata: fainali za konferensi. Jumapili yake: orodha ya mwisho. Wikiendi baada ya hapo Army na Navy. Kisha raundi ya kwanza kabla ya Krismasi, robo fainali kuzunguka mwaka mpya, fainali Januari.

Saa za mechi: madirisha makubwa kwa saa za New York ni saa sita mchana, saa tisa na nusu alasiri, na saa moja na nusu usiku. Mechi nyingi hazina saa mpaka siku 12 kabla, nyingine siku 6, kwa sababu televisheni zinasubiri kuona nani bado ana msimu. Anayefuatilia kutoka nje ya Marekani akumbuke kwamba Jumapili ya kwanza ya Novemba saa zao zinarudi nyuma, na mechi zote zinachelewa saa moja kwake. Hiyo inaangukia wiki ile ile kamati inapoanza, na watu wanakosa robo nzima.

MstariWaMbele

Mimi naja kwenye swali la tatu, maana hapo ndipo mashabiki wengi wanadanganywa na karatasi ya takwimu.

Anza na kosa kubwa kuliko yote. Kwenye futiboli ya vyuo, kwotabeki akiangushwa na mpira nyuma ya mstari mchezo ulipoanzia, yadi zilizopotea zinahesabiwa kwenye mbio. NFL, ligi ya kulipwa, inazihesabu kwenye pasi. Mtu anasoma "mbio 38, yadi 150", anagawanya, anapata 3.9, anasema timu haiwezi kukimbia. Ndani ya hizo 38 kuna mara tano kwotabeki kaangushwa kwa hasara ya yadi 35. Ziondoe: mbio 33, yadi 185, wastani 5.6. Hiyo ni timu inayokimbia vizuri sana na yenye tatizo la kumlinda kwotabeki, na tiba ya matatizo hayo mawili si moja. Ondoa pia zile za kupiga goti mwishoni kuua saa, nazo zimeandikwa kama mbio za hasara.

Baada ya hapo tafuta kiwango cha mafanikio. Kila mchezo (jaribio moja la kusogeza mpira, si mechi nzima) unaupa ndiyo au hapana. Timu ina majaribio manne ya kupata yadi 10. Jaribio la kwanza lifikie nusu ya yadi zinazohitajika, la pili asilimia 70, la tatu na la nne zote. Jaribio la kwanza na yadi 10: nne ni hapana, tano ni ndiyo. La pili na yadi 6: asilimia 70 ni 4.2, kwa hiyo zinahitajika tano. La tatu na 5: zikipatikana nne ni hapana, ingawa kwenye jumla ya yadi zinaonekana kama kazi nzuri. Wastani wa kawaida unazunguka asilimia arobaini na kidogo. Timu yenye 50 mechi hadi mechi ni hatari, hata kama imepoteza mbili.

Unaweza kuhesabu mwenyewe kutoka kwenye orodha ya michezo iliyoandikwa mmoja mmoja. Kila tovuti kubwa ya michezo inaiweka. Mechi moja ina michezo kama 130 hadi 140 ya timu zote mbili. Ila simama kuhesabu mechi ikishaamuliwa. Weka mpaka wako usiobadilika, mfano tofauti ikizidi pointi 21 robo ya nne, unafunga daftari. Usipofunga, yadi za wachezaji wa akiba dhidi ya wachezaji wa akiba zitakuharibia picha.

Tatu, hesabu nafasi za kufunga: kila shambulio lililopata jaribio la kwanza (mwanzo wa majaribio manne mapya) ndani ya yadi 40 za mpinzani. Gawanya pointi zilizopatikana humo kwa idadi ya nafasi hizo. Timu yenye nafasi saba na pointi 20 ina tatizo karibu na lango, na tatizo hilo huwa halidumu msimu mzima. Timu yenye nafasi tatu na pointi 21 imechuma kila kilichokuwepo. Wiki ijayo usitegemee hivyo.

Nne, mpira uliodondoshwa. Kumlazimisha mtu adondoshe ni ufundi. Nani anauokota ukiwa chini ni karibu nusu kwa nusu. Timu iliyookota minane kati ya tisa imepewa zawadi ambayo haitarudi. Vivyo hivyo rekodi ya mechi zilizoisha kwa tofauti ya pointi 8 au chini: 5-0 humo ni sababu ya kuwa na wasiwasi.

Jedwali langu lina safu chache tu: mpinzani, uwanja, matokeo, kiwango cha mafanikio cha kila upande, yadi kwa mchezo bila kuangushwa, nafasi za kufunga na pointi zake, mipira iliyopotea, na rekodi ya mpinzani ukiondoa mechi yenu. Hiyo ya mwisho ni muhimu. Usipoiondoa, ukimfunga mtu unamwongezea kipigo na unajifanya umefunga timu dhaifu kuliko ilivyo.

BintiTakwimu

MstariWaMbele, takwimu zako nazikubali zote, lakini tumwonye mwenye uzi asizichanganye na orodha ya kamati. Hizo zinajibu nani ana uwezo wa kushinda Jumamosi ijayo. Kamati inajibu nani amestahili kwa aliyoyafanya tayari. Ni maswali mawili. SP+ ya Bill Connelly na FPI ya ESPN (alama za nguvu za timu zinazopigwa kwa kompyuta) ziko upande wa kutabiri, na ndiyo maana utaziona zikiweka timu ya vipigo vitatu juu ya timu isiyofungwa. Hazijakosea, wala kamati haijakosea ikifanya kinyume. Anayetaka kubashiri orodha ya Jumanne aanze na uzito wa rekodi na matokeo ya wao kwa wao, kisha aangalie takwimu za utendaji kwa zilizolingana tu.

MstariWaMbele

Nakubali kwa orodha. Kwa mtoano wenyewe nitabaki na zangu. Mwaka 2024 timu zote nne zilizopumzika raundi ya kwanza zilifungwa robo fainali. Mwaka 2025 zikafungwa tatu kati ya nne, ikabaki Indiana. Nafasi kwenye orodha inakupa njia ya kupita, haikupi yadi hata moja. Na hao wajumbe wanasoma takwimu za utendaji pia, zimewekwa mezani kwao. Timu inayoshinda 20-17 kila wiki dhidi ya timu za mkiani inaonekana, hata kama haiongelewi hadharani.

BintiTakwimu

Hilo kweli. Waraka wao unasema hawataki kuhamasisha timu kuongeza pointi za kudhalilisha, lakini wakitazama mkanda wa mechi hawafumbi macho.

MlinziWaJumamosi

Nimeelewa sana, shukrani kwenu nyote. Njia ya kukata mabingwa nimeijaribu kwa miaka yote miwili na imetoka sawa. Limebaki moja: Duke ilikuwa 7-5 ikaenda kucheza fainali ya ACC 2025, Miami yenye 10-2 ikabaki nyumbani. Inatokeaje?

YadiKumi

Kwa sababu msimamo wa konferensi unahesabu mechi za konferensi tu. Vipigo vya Duke nje ya ACC havikugusa chochote. Ndani ya ACC kila timu ilicheza mechi nane; Virginia ilimaliza 7-1 peke yake juu, kisha Duke, Miami, Georgia Tech, Pittsburgh na SMU zote zikawa 6-2. Nafasi moja, timu tano.

Hapo vigezo vya kutenganisha vinaanza, na vinafanana kwa konferensi nyingi kubwa. Kwanza wao kwa wao, lakini zikiwa zaidi ya mbili kigezo hiki kinafanya kazi iwapo tu zote zimekutana, au mmoja amewafunga wote. Konferensi ya timu 17 yenye mechi nane haitoi hilo kirahisi. Kisha matokeo dhidi ya wapinzani wa pamoja wa wote, ambao kwa timu tano huenda wasiwepo kabisa. Mnajikuta kwenye asilimia ya ushindi ya wapinzani wenu ndani ya konferensi, na Duke ilitoka juu hapo. Mwaka huo huo konferensi ya SEC ilikuwa na nne zenye 7-1, Georgia, Alabama, Texas A&M na Ole Miss, na waliokwenda fainali Atlanta ni Georgia na Alabama kwa njia hiyo hiyo.

Ukitaka kuihesabu kwa konferensi ya mechi nane: andika wapinzani wanane wa timu yako, jumlisha ushindi wao wa konferensi, gawa kwa mechi zote walizocheza, yaani 64. Tuseme wenu wana 31, wa mshindani wako wana 33. Hiyo ni 0.484 dhidi ya 0.516. Pengo ni ushindi mara mbili katika mechi ambazo wewe hukuwa unaziangalia, pengine kati ya timu mbili zilizokwisha kata tamaa. Wiki ya mwisho ya Novemba andaa karatasi yenye mechi zote za wapinzani wako wa msimu, na ukumbuke wakikutana wenyewe kwa wenyewe mechi hiyo haibadilishi jumla yako: mmoja anapanda, mwingine anashuka. Zinazobadilisha ni zile za mpinzani wako dhidi ya mtu wa nje ya orodha yako.

Duke ikaifunga Virginia 27-20 muda wa ziada, ikawa bingwa wa ACC kwa rekodi ya 8-5, na kwa kuwa haikuwemo kwenye 25 ya kamati, nafasi ya bingwa wa tano ikaenda kwa James Madison wa Sun Belt.

ZamuYaUsiku

Nyongeza kwa mwenye uzi, kwa kuwa alianza na Notre Dame. Hiyo haina konferensi kwenye futiboli, kwa hiyo kwenye hesabu ya BintiTakwimu haiwezi kukatwa kama bingwa hata ikiwa 12-0. Kwa sheria hizo mlango wake ni zile saba za wazi tu. Mwaka 2024 ilikuwa ya 5 kwenye orodha ikapangwa ya 7, haikuruhusiwa kupumzika raundi ya kwanza, na ikafika fainali, ikafungwa na Ohio State 34-23 Atlanta.